Mapovu ya Profesa Avery

Kuna sauti moja ambayo nikiisikia popote nasimama kwanza. Ni sauti ya maji yanayotoa mapovu ndani ya chupa, ile bulubulubulu ya taratibu isiyokatika, kama mtoto anayepuliza mrija kwenye glasi ya juisi. Mwaka 2016 niliishi na sauti hiyo siku tisa, mchana na usiku, kwenye wodi ya watoto njiti ya hospitali moja huku mkoani, na kwa siku hizo tisa sikuwa na muziki mwingine wowote, maana sista wa zamu ya usiku alikuwa ameniambia, mwalimu, we sikiliza hayo mapovu tu, yakiwa yanatokota ujue mwanao anapata presha yake, yakinyamaza niite haraka.

Binti yangu alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,280. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa kifua chake kilikuwa kinazama, yaani kila akivuta hewa ngozi inaingia katikati ya mbavu mpaka unaweza kuzihesabu, alafu akitoa pumzi anaguna, mguno mdogo mdogo, nikadhani analia. Kumbe ule mguno ulikuwa kazi. Mtoto alikuwa anabana koo lake mwenyewe ili hewa yote isitoke, maana ikitoka yote vifuko vya mapafu vinajifunga na kuvifungua tena kunamaliza nguvu zote alizonazo. Nani alimfundisha? Hana hata saa mbili duniani. Nikija kusoma baadaye nikakuta kuna madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, waliandika kuhusu mguno huo mwaka 1968, wakaonyesha kwamba ukimzuia mtoto asigune, kwa kumpitishia mrija kooni, oksijeni yake inashuka. Mguno tu. Sisi tulio nje tunasikia kilio, wao wakasikiliza wakagundua ni mtoto anajitibu.

Sasa mi ni mwalimu wa fizikia, na nikasema siku moja lazima niandike hii habari hata kama itakuwa ndefu. Walipomfunga ile mashine ya kumsaidia kupumua, wao wanaita sipapu, nilitegemea kitu kikubwa chenye taa na skrini. Wakaleta vimrija viwili vya puani, bomba la hewa yenye oksijeni, na bomba lingine ambalo mwisho wake umezamishwa kwenye chupa ya maji. Pembeni ya chupa kuna namba. Sista akashusha bomba mpaka sentimita 6, akatazama mapovu, akaandika kwenye faili. Nikaelewa palepale, kabla hajanieleza. Presha ndani ya kimiminika inategemea kina, hicho kitu nimekiandika ubaoni sijui mara ngapi, wanafunzi wamekikariri wakafanyia mtihani wakasahau, na hapa mbele yangu kilikuwa kinayashikilia mapafu ya mwanangu yasijifunge. Sentimita sita za maji. Nililia sana siku ile, na kilichoniliza zaidi ni hiyo namba 6.

Jina la Mary Ellen Avery, daktari Mmarekani wa watoto, sikulijua kipindi hicho. Nililipata miaka minne baadaye, najiandaa kufundisha mvutano wa uso wa maji, mnajua lile somo la kuweka sindano juu ya maji inaelea alafu unadondosha tone la sabuni sindano inazama. Nikawa natafuta mfano wa kuwapa vijana ili wasione ni mchezo wa sindano tu, natafuta kwenye simu, nikakutana na mapafu ya njiti. Usiku ule sikulala. Baba yake binti yangu akaamka saa tisa akanikuta sebuleni akauliza kuna nini, nikamwambia nimempata aliyejua mtoto alikuwa anaumwa nini.

Avery alizaliwa Mei 1927 kule Camden, jimbo la New Jersey, Marekani. Jirani yao alikuwa daktari wa watoto, mwanamke, anaitwa Emily Bacon, na huyu Dokta Bacon alikuwa anamchukua binti wa jirani anakwenda naye hospitali, na ndiye aliyemwonyesha mtoto njiti kwa mara ya kwanza. Hapa huwa nasimama kidogo. Mwanamke mmoja tu wa mtaani kwenu, ana kazi yake, anakushika mkono anasema twende ukaone. Nina wanafunzi wa kike ambao mpaka wanamaliza kidato cha nne hawajawahi kuongea dakika tano na mwanamke mwenye kazi ya sayansi zaidi yangu, na mi ni mwalimu tu, siwezi kuwapeleka wodini.

Akasoma kemia chuo cha Wheaton, Massachusetts, akamaliza 1948, alafu akaenda Johns Hopkins kusomea udaktari. Hopkins ilikuwa inapokea wanawake tangu ilipofungua shule yake ya udaktari 1893, na haikuwa kwa hiari, kuna mama tajiri anaitwa Mary Elizabeth Garrett alitoa pesa kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Hata hivyo darasani kwa Avery wanawake walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Akahitimu 1952. Na hajakaa sawa, akagundulika ana kifua kikuu. Fikiria umesoma miaka yote hiyo, umepata cheti, ndo unataka kuanza kazi, unaambiwa lala. Ikabidi asimame, atumie dawa, apumzike kwa muda mrefu, na yeye mwenyewe alikuja kusema kwamba ugonjwa huo ndo uliomfanya ayatake mapafu. Alivyopona akarudi Hopkins akamalizia mafunzo ya watoto, na mwaka 1957 akaenda Boston.

Naomba mnivumilie hapa maana ndipo penyewe.

Miaka hiyo Marekani peke yake njiti kama 10,000 hivi walikuwa wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa wa kushindwa kupumua. Mtoto anazaliwa, analia, wazazi wanafurahi, baada ya saa chache anaanza kuguna, kifua kinazama, anakuwa wa bluu, siku ya pili au ya tatu anafariki. Wakichukua pafu lake wakalitazama kwenye darubini wanakuta ndani ya njia za hewa kumetandazwa utando laini wa pinki unaong'aa kama kioo. Ugonjwa wenyewe ukapewa jina la huo utando, hayalini, neno lililotokana na kioo kwa Kigiriki. Basi kila mtu akawa anaukimbiza utando. Wengine wakasema mtoto kavuta maziwa, wengine wakasema kavuta maji ya uzazi, ndo yameganda huko ndani. Nawaelewa kabisa. Umefungua pafu, umekuta kitu ambacho hakitakiwi kuwepo, utaacha kukilaumu?

Avery mchana yuko maabara ya Jere Mead kule Harvard, mtaalamu wa mwendo wa hewa kwenye mapafu, na upande mwingine yuko wodi ya watoto wachanga, hospitali ya wazazi ya Boston, chini ya Clement Smith. Yaani mguu mmoja fizikia mguu mwingine wodini, na nadhani bila hiyo asingeona alichoona. Kwa sababu yeye alipoyatazama mapafu ya hawa watoto waliofariki, hakuuona utando peke yake. Aliona kwamba hayana povu. Mapafu ya mtu wa kawaida ukiyakata na kuyaminya yanatoa povu, povu gumu halipasuki upesi. Ya hawa watoto hayana hewa, mazito kama maini, na povu hakuna.

Wenzake wote walikuwa wanauliza hiki kilichomo humu ni nini. Yeye akauliza, ni nini ambacho kilitakiwa kuwemo humu na hakimo?

Nimefundisha miaka kumi na minne na naona hilo ndo swali gumu kuliko yote kumfundisha mtu. Kitu kilichopo kinakuita chenyewe. Kisichokuwepo hakikuiti, mpaka uwe umeshaona mapafu mazima mengi, umelizoea povu lake, ndo ukikuta halipo ushtuke.

Kumbe povu hilo lilikuwa na watu wake tayari, ila hawakuwa wanashughulika na watoto. Uingereza kulikuwa na Richard Pattle, anatafiti gesi za sumu za vita, akaona mapovu yanayotoka kwenye mapafu hayapasuki hata ukiyawekea dawa ya kuua povu, akaandika 1955. Marekani kulikuwa na John Clements, naye kwenye kituo cha jeshi kule Edgewood, Maryland, kazi ni hizohizo za gesi za sumu, akatengeneza chombo cha kupimia mvutano wa uso wa majimaji ya mapafu, akachapisha 1957. Utafiti wa kuua watu ndo ulikuwa umeshika ufunguo wa pumzi ya watoto, na ungeweza kubaki hukohuko kwenye makabati ya jeshi. Avery akaenda kwa Clements, akajifunza kile chombo kinavyofanya kazi, akarudi Boston akapima. Akachukua majimaji ya mapafu ya watoto waliofariki kwa ule ugonjwa wa utando, na ya watoto waliofariki kwa sababu nyingine, akalinganisha. Ya wenye ugonjwa yalikuwa na mvutano mkubwa, hayashuki. Kuna kitu kinakosekana. Mwaka 1959 yeye na Mead wakatoa makala yao fupi kwenye jarida moja la magonjwa ya watoto, na biashara ya kuulaumu utando ikaisha, maana utando ulikuwa matokeo tu, protini zilizovuja kutoka kwenye damu kwenye pafu lililoumizwa kwa kujifunga na kufunguka kwa nguvu.

Kitu chenyewe kilichokosekana kinaitwa safaktanti. Ni mchanganyiko wa mafuta na protini unaotengenezwa na chembe za pafu lenyewe, unatandazwa ndani ya vifuko vya hewa, na kazi yake ni ileile ya lile tone la sabuni kwenye sindano yangu, kuvunja mvutano wa maji. Mtoto tumboni anaanza kuutengeneza taratibu, unakuwa wa kutosha karibu na wiki ya 34, 35 hivi. Wa wiki ya 30 ana kidogo sana.

Darasani huwa naanza na pulizo. Namwita mwanafunzi mbele, apulize pulizo jipya. Pumzi ya kwanza mashavu yanamvimba, macho yanamtoka, haliendi. Likishafunguka kidogo linakuwa rahisi. Alafu nawaambia, sasa fikiria kila ukipuliza linarudi sifuri, unaanza upya, mara 60 kwa dakika, na wewe una kilo moja na kidogo. Darasa linanyamaza. Alafu ndo tunaenda kwenye mapovu, na hapa sihitaji maabara, nani hapa hajawahi kukata bua la jani la mpapai akachovya kwenye maji ya sabuni akapuliza mapovu? Ukiwa na povu dogo na povu kubwa yamegusana kwa njia ya hewa, dogo linajimwaga kwenye kubwa, kwa sababu kadiri povu linavyokuwa dogo ndivyo presha ya ndani inavyokuwa kubwa. Vifuko vya mapafu ni mamilioni, vidogo na vikubwa, vyote vimeunganishwa na njia za hewa. Bila safaktanti vidogo vinamwagikia vikubwa na kufa. Na maji matupu, bila sabuni, jaribu kupuliza povu kwa bua la mpapai uone kama litasimama.

Lakini kujua siyo kutibu. Hii inaniuma kila nikiisoma. Agosti 7, 1963, miaka minne baada ya makala ile, Rais John F. Kennedy na mkewe walipata mtoto wa kiume, Patrick, amewahi wiki tano na nusu hivi, ana kilo 2.1. Kilo mbili na mia! Huku kwetu mtoto wa kilo hizo wanamwita mkubwa, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Akaanza kuguna. Wakampeleka Boston, wakamuweka kwenye chumba cha oksijeni ya presha kubwa, baba yake ndo mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, na mtoto akafariki Agosti 9 akiwa na saa 39. Jibu la kwa nini lilikuwa limeshaandikwa mji huohuo. Dawa ndo haikuwepo.

Na dawa ilichukua muda mrefu mno. Walijaribu miaka ya sitini kuwapulizia watoto mafuta yale makuu ya safaktanti kama mvuke, haikufaa. Mpaka 1980, profesa wa Kijapani, Tetsuro Fujiwara, akawawekea njiti 10 safaktanti iliyotoka kwenye mapafu ya ng'ombe, moja kwa moja kwenye njia ya hewa, wakabadilika rangi. Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza ya aina hiyo 1990, na hiyo ya kwanza ilitengenezwa na John Clements yuleyule wa Edgewood. Hesabu wewe, kutoka 1959 hadi 1990, miaka 31. Avery alikuwa na miaka 32 makala inatoka, na 63 dawa inaruhusiwa.

Katikati hapo alifanya nini? Alifanya kazi. Akarudi Hopkins 1960 kusimamia wodi za wachanga, akaandika kitabu kizima kuhusu mapafu ya mtoto mchanga 1964, na mwaka 1966 yeye na wenzake wakaelezea ugonjwa mwingine, wa watoto waliotimiza muda wao lakini wanapumua harakaharaka siku ya kwanza kwa sababu maji ya mapafu hayajakauka, akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji wameuona huo hata kama hawakuambiwa jina lake. 1969 akawa mkuu wa idara ya watoto chuo cha McGill, Montreal. 1974 Harvard wakamchukua, profesa na daktari mkuu wa hospitali ya watoto ya Boston, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Shule ya udaktari ya Harvard ilipokea wanafunzi wa kike kwa mara ya kwanza 1945, kwa hiyo haikufika hata miaka 30 mwanamke anaongoza idara kubwa namna ile. Vyeo vingine vilikuja, Medali ya Taifa ya Sayansi 1991, urais wa chama kikuu cha wanasayansi Marekani akiwa na miaka sabini na kitu, hivyo navipita.

Kuna kipande cha sindano ya kukomaza mapafu nisipokisema nitakuwa nimewaficha. New Zealand kulikuwa na daktari wa uzazi, Mont Liggins, anafanya utafiti na kondoo, anawachoma homoni ajue uchungu unaanzaje. Akaona kitoto cha kondoo kilichozaliwa mapema mno, ambacho kilitakiwa kiwe kimekufa, kinapumua. Homoni ilikuwa imeyaharakisha mapafu kukomaa. Kundi la Avery nalo likaonyesha mwaka 1970 kwamba dawa za namna hiyo zinaharakisha safaktanti kwa kondoo walioko tumboni. Mwaka 1972 Liggins na mwenzake Ross Howie wakatoa matokeo ya akina mama 282, watoto waliopata ugonjwa wa kupumua walishuka kutoka asilimia 25.8 hadi 9. Sindano ya bei ndogo anachomwa mama kabla hajajifungua. Na Marekani yenyewe ilikuja kukaa kikao rasmi cha kusema kila mama anayestahili achomwe mwaka 1994.

Mi sikuchomwa. Nilifika kwenye kituo cha kwanza asubuhi na maumivu, nikaambiwa ni ya kawaida, nikalazwa, nikashinda pale mpaka usiku ndo wakanipeleka hospitali kubwa, na hospitali kubwa daktari aliuliza kitu cha kwanza kabisa, umechomwa sindano za kukomaza mapafu? Nikamwambia sijui hata ni nini. Akanyamaza. Binti akazaliwa baada ya dakika arobaini. Simtaji mtu, wala sijui wale wa kituo cha kwanza walikuwa nazo au hawakuwa nazo, ila siku nzima ile nililala kitandani natazama dari na sindano yenye umri wa miaka 44 haikunifikia. Mama mjamzito unayesoma hapa, uchungu ukikuanza kabla ya wiki ya 34 taja hiyo sindano kwa mdomo wako, uliza, usione aibu. Mwaka 2020 kulikuwa na utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, Kenya ikiwemo, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, hospitali za hali ya kwetu, na sindano iliokoa watoto.

Na safaktanti yenyewe, ile dawa ya miaka 31? Binti yangu hakuipata. Haikuwepo, na hata leo bei yake ni mzigo, chupa moja ndogo inaweza kumeza mishahara ya mtu. Yeye alipata chupa ya maji.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini kati ya kazi zote za Avery mi naipenda zaidi ya 1987 kuliko ile ya 1959 inayosifiwa na kila mtu. Miaka ya themanini njiti walikuwa wanapona Marekani lakini wengi wanabaki na mapafu yaliyoharibika, wanategemea oksijeni miezi. Avery akiwa ameshakuwa profesa mkubwa, na jina lake limeshikamana na safaktanti, yeye na wenzake wakakusanya takwimu za vituo vinane, watoto wa gramu 700 mpaka 1,500, wakauliza, je kuna mahali mapafu hayaharibiki? Kituo kimoja kikajitenga na vyote. Columbia, New York, kwa Jen-Tien Wung, daktari mwenye asili ya Taiwan. Na Wung alikuwa anafanya nini cha ajabu? Hakuwa na mashine mpya. Wenzake walikuwa wanakimbilia kumpitishia mtoto mrija kooni na kumpumulisha kwa mashine, yeye anaweka vimrija puani tangu mwanzo, bomba kwenye maji, mapovu, na anamwacha mtoto apumue mwenyewe. Presha ya namna hiyo ilianza na George Gregory wa San Francisco 1971, aliyeitumia kwa watoto 20 na 16 wakaishi, na Gregory alianza na nini, na ule mguno, mtoto anayebana koo lake.

Ingekuwa rahisi sana kwa profesa wa hadhi yake kunyamazia matokeo yale. Kituo chake mwenyewe kilikuwa kimojawapo kati ya vile vinane. Ni kama mwalimu mkuu kusimama mbele ya shule nane aseme jamani wanafunzi wa mwenzetu wanafaulu kutushinda wote, na hana maabara ya gharama, twendeni tukaone anafanyaje. Yeye akaandika, akaweka jina lake juu kabisa. Na 1990, mwaka uleule dawa ya safaktanti inaidhinishwa, akaandika tena na mwenzake, safari hii kuhusu kuharisha, kwamba madaktari wa Marekani wanakimbilia dripu wakati maji ya chumvi na sukari ya kunywa, ORS yetu hii ya pakiti, yanatosha na hawayatumii. Nikisoma hapo naona ni mtu yuleyule aliyeuliza povu liko wapi. Anatazama wodi iliyojaa vitu anauliza kipi hakipo.

Chupa za mapovu zikaja kwetu kwa njia nyingi. Malawi, Blantyre, wakishirikiana na chuo cha Rice cha Texas, wakatengeneza yao ya bei nafuu wakaiita Pumani, neno la Kichewa la kupumua kwa utulivu. Pumani! Nilipoliona nikacheka kwa furaha, maana hata sisi pumzi, kupumua na kupumzika vyote vimetoka tumbo moja. Na jambo jingine ambalo lazima tujivunie, Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali za nchi tano, pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizofanya utafiti uliotoka 2021 wa kumweka njiti kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, kangaruu, bila kusubiri eti atulie kwanza. Vifo vikapungua kwa robo. Nilivyoambiwa mi 2016 ilikuwa subiri atolewe kwenye mapovu ndo umbebe. Leo wanajua mama ndo alikuwa anakosekana pale.

Avery alifariki Desemba 2011, New Jersey alikozaliwa, ana miaka 84. Binti yangu alikuja miaka mitano baadaye.

Siku ya tisa sista alikuja asubuhi, alishaanza kupunguza tangu juzi yake, kutoka 6 kuja 5, kutoka 5 kuja 4, kila akishusha namba mi tumbo linanikata. Akasema mwalimu leo tunamjaribu. Akavitoa vimrija taratibu, plasta ikaacha alama nyekundu mashavuni, akafunga hewa. Mapovu matatu ya mwisho yakapanda, yakapasuka, maji yakatulia. Wodi nzima naisikia, viatu, ndoo, mama mwenzangu anakamua maziwa kwenye kikombe, ila upande wa kitanda chetu kimya. Nikamuita sista kwa nguvu, sista, yamenyamaza! Akaniwekea mkono begani akasema najua mama, sogea karibu. Nikainama nikaweka sikio langu puani kwake, nikazuia pumzi zangu mwenyewe, nikakaa hivyo sijui muda gani.

Alikuwa haguni.